Utepe wa roketi unapogeuka kamba

Swali: *"Nimeunda roketi ndogo ya karatasi ngumu: mrija wa milimita 25, urefu sentimita 35, mapezi matatu ya balsa, mbao nyepesi sana. Ikiwa na ganda la mota iliyokwisha kuungua ina gramu 38. Badala ya parachuti nimeweka utepe niliokata kwenye mfuko wa plastiki, sentimita 3 kwa 90, nikaufunga fundo kwenye pua kwa uzi wa kushonea. Mota ni C6-3. Mara ya kwanza utepe ulitoka, lakini roketi ilishuka kwa kasi na pezi moja likang'oka. Mara ya pili utepe ulitoka umeyeyuka, umekuwa donge. Mara ya tatu uzi ulikatika, utepe ukapeperuka peke yake na roketi ikaja chini bila kitu. Mwenzangu anasema ninunue nailoni nzito na nirefushe utepe hadi mita mbili. Je, nimfuate? Na utepe hufungwaje hasa?"*

Jibu: Usiurefushe utepe. Nalitanguliza hilo kwa sababu ndilo unaloelekea kulifanya kabla roketi haijaruka tena, na halitaponya hata ajali moja kati ya hizo tatu. Ushauri wa mwenzako unatokana na wazo lililoenea sana, kwamba utepe ni parachuti nyembamba, hivyo kadiri unavyokuwa mrefu na mzito ndivyo unavyoshika hewa. Utepe haufanyi kazi hivyo.

Tuhesabu kwanza. Kipimo cha haraka wanachotumia warushaji wengi ni sentimita mraba 8.5 za utepe kwa kila gramu ya roketi inaposhuka, yaani ikiwa na ganda tupu la mota. Roketi yako ya gramu 38 inataka takriban sentimita mraba 320. Wewe una 3 mara 90, yaani 270. Umepungukiwa, ndiyo, ila si upungufu wa kung'oa pezi. Kasi ya kushuka haifuati eneo moja kwa moja, inafuata kipeuo chake cha pili: ukiongeza eneo maradufu, kasi hupungua kwa asilimia 30 hivi tu, na ukitaka kasi ishuke hadi nusu unahitaji eneo mara nne. Kwa hesabu hiyo, tofauti ya 270 na 320 ingekuongezea kasi kwa asilimia 9. Pezi lililogundishwa vizuri halitambui hata asilimia 9.

Basi tatizo liko kwingine. Ukanda uliotulia bapa ndani ya upepo hausumbui hewa. Hewa inateleza pande zote mbili, na kinachouzuia ni msuguano mdogo wa uso wake tu. Utepe hupunguza mwendo pale unapopigapiga. Kila wimbi linalopita mwilini mwake linageuza kipande cha uso kiikabili hewa, kinaisukuma kando, kinaacha vizunguko nyuma yake, na nguvu ya kufanya kazi hiyo yote inatoka kwenye mwendo wa roketi. Utepe unaopiga kelele angani unafanya kazi. Utepe unaofuata nyuma kimya kama mkia wa tiara ni mapambo.

Sasa rudi kwenye utepe wako. Plastiki ya mfuko ni laini mno, haina ugumu wa kujenga wimbi kubwa. Inafuata hewa inakoelekea. Halafu umeufunga fundo. Ukanda wa sentimita 3 ukifungwa fundo mwanzoni, upana wote unakusanyika sehemu moja, na kutoka hapo plastiki inajisokota. Sentimita kumi, ishirini za mwanzo, ambazo ndizo zinazokutana na hewa safi, zimekuwa kamba. Ungeurefusha hadi mita mbili ungepata kamba ndefu zaidi. Isitoshe, sehemu ya nyuma ya utepe mrefu mwembamba inapepea kwenye hewa iliyokwisha kuvurugwa na sehemu ya mbele, kwa hiyo kila sentimita unayoongeza inafanya kazi kidogo kuliko iliyotangulia.

Uwiano uliozoeleka ni urefu mara 10 ya upana. Hata kanuni za shirikisho la kimataifa la michezo ya anga, FAI, kwa daraja la S6 la mashindano ya roketi za utepe zinataka urefu usipungue mara 10 ya upana, na washindani wenye uzoefu hawaongezi mengi juu ya hapo. Ukifupisha na kupanua sana, tuseme mara tano, utepe unapiga kwa nguvu lakini unayumba na kuzungusha roketi. Kwa roketi yako kata sentimita 6 kwa 60. Hiyo ni sentimita mraba 360, zaidi kidogo ya kipimo, na inaingia kwenye mrija wako bila kubana.

Nyenzo

Unatafuta kitu chembamba, chepesi, kinachoshika mkunjo ukikikunja, na kisichoyeyuka kwa moto wa sekunde moja. Sifa hizo nne hazikai pamoja kirahisi, ndiyo maana watu hubishana.

Chaguo langu kwa roketi ya gramu 38 ni utando wa poliesta, ule unaojulikana kwa jina la Mylar, wenye unene wa mikroni 25 hivi. Una ugumu wa kutosha kujenga mawimbi, ukiukunja kwa ukucha unabaki umekunjika, na poliesta huyeyuka karibu nyuzi 255 za Selsiasi, ilhali polithini ya mifuko huanza kuachia kati ya nyuzi 110 na 130. Kipande cha 6 kwa 60 kina uzito wa gramu 1.25 hivi. Ubaya wake ni mmoja, nao ni mkubwa: ukingo ukipata mchubuko, mpasuko unakimbia kutoka upande mmoja hadi mwingine kama zipu. Kata kwa wembe mpya na rula ya chuma, kwa mkato mmoja, si kwa mkasi unaoacha meno.

Blanketi ya dharura, ile ya fedha inayong'aa, ni poliesta hiyohiyo ila yenye unene wa mikroni 12 hivi. Inapatikana kirahisi na inaonekana mbali juani. Ni nyororo kupita kiasi kwa roketi yako na inapasuka haraka zaidi. Iweke kwa roketi za chini ya gramu 20.

Karatasi angavu ya kuchorea ramani inashangaza watu. Inashika mkunjo kuliko kitu kingine chochote kwenye orodha hii, na kwa utendaji wa angani inaweza kushindana na Mylar. Haiyeyuki, lakini inaungua, na ikipata unyevu mikunjo inalegea. Ukiitumia, ongeza kinga ya moto na uikague kila baada ya kuruka. Karatasi ya krepu, ile ya mapambo yenye vikunyanzi, inafaa kwa anayeanza: vikunyanzi vyenyewe vinasumbua hewa. Tafuta iliyotiwa dawa ya kuzuia moto, na usiiache ndani ya mrija usiku kucha, maana hushika umbo la mviringo na kutoka kama soseji.

Na nailoni? Kwanza tuelewane: nasema nailoni halisi, kitambaa cha miavuli, si mifuko ambayo wengi tunaiita nailoni. Kitambaa hicho ni kigumu kuchanika na kinavumilia moto kiasi, kwa hiyo mwenzako hakukosea kabisa. Lakini ni laini, hakishiki mkunjo, na kwa eneo lilelile kinashusha roketi kwa kasi zaidi kuliko Mylar iliyokunjwa. Nafasi yake ni kwenye roketi za gramu 60 hadi 100, ambako mshtuko wa kufunguka ungepasua utando. Hata huko chagua chembamba. "Nzito" haikuongezei kitu ila uzito ambao utepe wenyewe utalazimika kuushusha.

Marinda

Utando uliokatwa tu, ukiachwa bapa, unafanya nusu ya kazi. Utie marinda, kama ya sketi: kunja sentimita moja mbele, sentimita moja nyuma, hadi mwisho. Acha sentimita 8 hadi 10 za mwanzo, upande utakaofungwa, zikiwa bapa, ili utepe uanze kufunguka bila kukwama. Kila rinda likandamize kwa ukucha juu ya rula. Ukimaliza, utepe wote ni kifurushi chenye urefu wa sentimita 6 na upana wa sentimita 1. Kiweke chini ya kitabu kizito hadi kesho yake. Ukiuachia, usijinyooshe kabisa. Unapaswa kubaki na umbo la ngazi, na ukiupuliza kwa mdomo upige.

Rinda lisiwe pana kuliko kipenyo cha ndani cha mrija. Wengi hukosea hapa: wanakunja marinda ya sentimita 3 kwa sababu yanapendeza, kisha wanalazimika kuyapinda ili yaingie, na kifurushi kinakwama palepale kinapotakiwa kutoka.

Kufunga

Shida ya fundo unaitibu kwa kijiti. Chukua kijiti chembamba cha mwanzi, kipenyo cha milimita 1.5 hadi 2, ukikate kiwe na urefu wa sentimita 6, sawa na upana wa utepe. Piga msasa ncha zake zisiwe na miba. Kiweke kwenye ukingo wa utepe, ukunje sentimita 1 ya utando juu yake, na uubandike kwa selotepu ya plastiki ya kufungia vifurushi, upana wote, mbele na nyuma. Kijiti hiki ndicho kinachoulazimisha utepe ubaki wazi kwa upana wake wote tangu sentimita ya kwanza. Kati ya mabadiliko yote ninayokuandikia, kama ungefanya moja tu, fanya hili.

Kisha hatamu. Kata uzi wa sentimita 20 hivi, funga ncha moja kwenye kila mwisho wa kijiti, milimita 3 kutoka ukingoni, na katikati yake ufunge kitanzi kidogo. Ukiushika kwa kitanzi, uzi unatengeneza pembetatu na utepe unaning'inia sawa. Ukielemea upande mmoja, sogeza kitanzi. Utepe uliopinda utazungusha roketi nzima. Uzi uwe wa Kevlar, nyuzi za viwandani zenye nguvu sana, au uzi mnene wa pamba uliopakwa gundi nyembamba ya mbao. Ule wa kushonea uliotumia kwa kawaida ni poliesta nyembamba: moto uliulainisha, mshtuko ukaukata. Kevlar haiyeyuki, ila mafundo yake huteleza, kwa hiyo kila fundo litiwe tone la gundi kali.

Kitanzi usikifunge moja kwa moja kwenye kamba ya roketi. Weka katikati kile kiungo kidogo cha chuma kinachozunguka, kile ambacho wavuvi hukifunga juu ya ndoana ili mshipi usisokotane. Utepe unapenda kuzunguka. Bila kiungo hicho, mzunguko unapanda kwenye kamba, kamba inajisokota, nao utepe unarudi kuwa kamba ileile tuliyoikimbia.

Kamba kuu, inayounganisha pua na mwili, iwe na urefu wa mara mbili na nusu hadi tatu ya roketi, kwako sentimita 90 hivi. Watu huifupisha kwa kuogopa isijae kwenye mrija, kisha wanashangaa pua inaporudi kama jiwe la manati na kutoboa mwili. Njia nzuri ni kuifanya vipande viwili. Chini, uzi wa Kevlar uliofungwa kwenye pete ya kishikilia mota, mrefu wa kutosha kukaribia mdomo wa mrija lakini usiotokeza nje; ukitokeza, siku mota ikifyatua mapema uzi huo utapasua mdomo wa mrija kuelekea chini kama kisu. Juu yake, lastiki bapa ya milimita 3 hadi 6 hadi kwenye pua. Kama roketi imekwisha gundishwa na huwezi kufikia kishikilia mota, tumia kijikaratasi kilichokunjwa mara tatu juu ya ncha ya lastiki, ukigundishe ndani ya mrija kwa gundi nyeupe ya mbao, chini kabisa ya mahali shingo ya pua inapofika, na ukibonyeze kiwe bapa. Kikivimba kitakamata utepe.

Utepe ufunge kwenye lastiki, theluthi moja ya urefu kutoka puani: sentimita 30 kutoka puani, 60 kutoka mwilini. Hapo pua na mwili vinaning'inia kwa urefu tofauti, na pua haigongi mapezi njia nzima ya kushuka.

Kuna ufundi mmoja zaidi, na kwa roketi ya mapezi ya balsa nauona una thamani kuliko kuongeza eneo la utepe. Mwili ukining'inia kwa mdomo wake, unashuka umesimama: mapezi ndiyo yanayofika kwanza, na mrija wenyewe hauzuii hewa karibu kitu. Ukiufunga uning'inie ubavu, mrija wa milimita 25 kwa sentimita 35 unaukabili upepo kwa upande wake wote, na kizuizi unachotoa mrija wa mviringo uliolala hivyo kinaweza kukaribia kile cha utepe mzima. Tafuta mahali roketi inaposawazika juu ya kidole ikiwa na ganda tupu na bila pua, gundisha hapo kitanzi cha uzi wa Kevlar kwa nje, na upitishe uzi huo juu ya mrija hadi mdomoni, ambako unaungana na lastiki. Ushike kwa kipande kidogo cha selotepu ya karatasi kitakachoachia ukivutwa. Unapoteza mita chache za kimo kwa sababu ya uzi ulio nje. Mapezi yanapona.

Kwa nini uliyeyuka

Baruti inayofyatua pua inatoa gesi ya moto na chembe zinazowaka. Kati yake na utepe lazima kuwe na kinga: zile karatasi laini zilizotiwa dawa ya kuzuia moto zinazouzwa kwa ajili ya roketi, au sufi ya selulosi ya kuzuia joto majumbani iliyotiwa dawa hiyohiyo. Kwa mrija wako, jaza sentimita 4 hadi 5, yaani karibu mara mbili ya kipenyo. Zijaze zikiwa zimelegea lakini zikigusa ukuta pande zote. Ukizishindilia, gesi inazisukuma kama kizibo na zinakwama. Zikipwaya, moto unapita ubavuni. Karatasi ya chooni au pamba ya kawaida usitumie kabisa, kwani hufukuta na kuanguka kwenye nyasi ikiwa bado na moto.

Mpangilio ni kinga, utepe ukiwa wima na kijiti kikilala sambamba na mrija, lastiki iliyokunjwa kwa vitanzi juu yake, kisha pua. Pua inatoka kwanza, inavuta lastiki, lastiki inavuta utepe. Nyunyiza poda kidogo ya mtoto kwenye marinda, hasa kwa Mylar, ambayo hujishikanisha yenyewe kwa umeme tuli. Halafu geuza mrija kichwa chini bila pua: kifurushi kinapaswa kuteleza na kutoka kwa uzito wake chenyewe. Kisipotoka, kipunguze, usitegemee baruti ikusaidie. Pua nayo isianguke ukiigeuza roketi, lakini itoke kwa kuvutwa kidogo. Ikibana, ipige msasa shingoni. Ikipwaya, izungushie selotepu.

Pakia utepe dakika chache kabla ya kurusha.

Ile namba 3

Sehemu ya lawama ya ajali ya tatu iko kwenye mota. Katika C6-3, herufi C ni jumla ya msukumo, zaidi ya nyutoni-sekunde 5 na isiyozidi 10. 6 ni wastani wa nguvu kwa nyutoni. 3 ni sekunde za kungoja tangu fueli iishe hadi baruti ifyatue. Sekunde tatu zimekusudiwa roketi nzito zinazofika kileleni mapema. Yako ni nyepesi. Sekunde tatu zinapoisha bado inapanda kwa kasi ya mita 20 kwa sekunde au zaidi, na nguvu ya hewa hukua kwa mraba wa kasi: kasi mara tatu ya ile ya kushukia ni nguvu mara tisa kwenye uzi. Tumia C6-5, au C6-7 ukiwa na uhakika kuwa roketi inapanda wima. Kwa majaribio ya utepe mpya ningeanza na mota yenye msukumo mdogo zaidi, A8-3, au B6-4 uwanja ukiruhusu. Utaona kila kinachotokea kwa macho yako mwenyewe badala ya kukisia kwa mita 300 juu.

Pima kabla ya kurusha

Toa mota zote, weka roketi yako ikiwa imepakiwa, na upulize kwa nguvu kwenye mdomo wa chini, kwenye kishikilia mota. Pua, lastiki na utepe vitoke kwa pumzi moja. Pumzi ni dhaifu kuliko baruti. Kinachotoka kwa pumzi kitatoka angani.

Kisha panda kwenye roshani au mahali pengine salama penye urefu wa mita 8 hadi 10, hakikisha chini hakuna mtu, na udondoshe uzito wa gramu 38 ukiwa na utepe uliokwisha kufunguliwa. Dondosha miwili kwa pamoja, ule wa zamani wa mfuko na huu wa marinda, yenye uzito sawa. Huhitaji saa, utaona upi unafika kwanza na kusikia upi unapiga.

Tarajia kitu halisi. Utepe mzuri unashusha roketi kwa mita 5 hadi 8 kwa sekunde. Mita 5 kwa sekunde ni sawa na kuidondosha kutoka urefu wa mita 1.3, mita 8 ni sawa na mita 3.3. Kwenye nyasi zote mbili zinavumilika. Kwenye udongo mkavu au lami, hiyo ya pili inahitaji mapezi yenye nyuzi za mbao zinazoelekea nje kutoka kwenye mrija na tuta la gundi kila upande wa shina. Pezi lako liling'oka kwenye gundi au lilivunjika mbao? Kama ni gundi tupu iliyoachia, kwaruza rangi na mng'ao wa mrija kabla ya kuligundisha upya.

Parachuti ingeshuka taratibu zaidi, mita 4 kwa sekunde hivi, na kwa roketi ya zaidi ya gramu 60 ndiyo ningeichagua bila kusita. Ila hesabu upepo. Kutoka mita 200, kwenye upepo wa mita 5 kwa sekunde, utepe unaoshuka kwa mita 8 unaipeleka roketi mita 125 mbali; parachuti ya mita 4 inaipeleka mita 250. Kanuni za usalama za chama cha roketi cha Marekani, NAR, zinataka uwanja wenye upande mfupi usiopungua mita 120 kwa mota za C, na upepo usiozidi kilomita 32 kwa saa. Uwanja wako ukiwa mdogo, utepe ndio uamuzi sahihi hata kama unagharimu pezi mara mojamoja.

Wakati wa kumtafuta mtu ana kwa ana

Ukishafanya haya yote na utepe bado unatoka umeungua, mpelekee roketi mrushaji mwenye uzoefu au klabu iliyo karibu. Mara nyingi ni kishikilia mota kilichopasuka au pete inayovuja, na maandishi hayawezi kuona ndani ya mrija. Fanya hivyo pia kama mota imewahi kuteleza na kutoka nyuma badala ya kufyatua pua, au kama ganda lake lina ufa. Mota usiifungue, usiikate, wala usiongeze baruti yako mwenyewe kwa kudhani inafyatua kwa udhaifu. Sheria za kununua na kurusha mota hutofautiana nchi hadi nchi, na watu wa klabu ndio wanaozijua za kwenu. Na ukiwa na umri mdogo, mtu mzima awepo uwanjani, si nyumbani akisubiri habari.

Roketi ikinasa kwenye nyaya za umeme, iache hapohapo, hasa ukitumia utando wa fedha wa blanketi ya dharura, ambao unapitisha umeme. Wapigie wenye nyaya.